Mkoche, mvumo, bismarkia au mpapindi: upi uuoteshe kwa mbegu Mtwara na Lindi

Ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi katika pwani ya Tanzania, na mingi iliyobaki ni mizee. Ndiyo maana anayejenga leo Mikindani, Kilwa Masoko au pembeni mwa mji wa Lindi huuliza swali ambalo babu yake hakuwa na haja ya kuliuliza: ukiacha mnazi, nioteshe mti gani wa jamii yake? Na kwa kuwa miche mikubwa ya miti hii ni ghali, ni mizito kusafirisha na mingi hufa ikihamishwa, jibu huanzia kwenye mbegu.

Minne ndiyo nitakayoilinganisha. Mkoche, ambao wengine huuita mkoma au mlala, ni wa kwetu tangu zamani. Mvumo nao ni wa kwetu. Bismarkia asili yake ni Madagaska, na majani yake ya rangi ya fedha huwavutia sana wenye hoteli na nyumba za wageni. Mpapindi ni mti wa kisiwa cha Pemba, na duniani kote hauoti porini mahali pengine. Huo ndio adimu kuliko yote hapa, na ndio unaohitaji moyo mkubwa zaidi wa kuulea.

Vipimo vya kuchagulia

Mtwara na Lindi si jangwa. Tunapata mvua za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kwa mwaka jumla yake ni karibu milimita 1,000. Lakini mche mchanga hauishi kwa jumla ya mwaka. Unaishi Juni hadi Novemba, kusi inapovuma, mchanga umekauka, kisima kimeshuka, na mwenye shamba yuko kwenye mikorosho anapuliza salfa, dawa ya ukungu. Kwa mche wa miezi sita, hilo ni jangwa kamili.

Kwa hiyo nimepima mambo matano: mbegu inapatikana wapi na inakaa hai muda gani, inaota vipi, mche utavukaje kiangazi cha kwanza, unavumilia udongo na upepo wa namna gani, na utangoja muda gani, kwa nafasi kiasi gani. Urembo nimeuacha kwako, kila mtu ana macho yake. Kiangazi cha kwanza nimekipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu miche mingi hufia hapo hata kama mbegu iliota vizuri.

Mbegu

Koche huokotwa chini ya mti. Chagua tunda lililokomaa, la kahawia, zito, lililoanguka lenyewe, na uache yaliyotobolewa na wadudu. Tunda la mvumo ni kubwa, la rangi ya machungwa likiiva, na ndani lina mbegu hadi tatu, kila moja kwenye ganda lake gumu. Hizo mbili hazikugharimu chochote zaidi ya mguu na ruhusa ya mwenye shamba.

Bismarkia ina mbegu moja ndani ya tunda la kahawia iliyokolea. Miti yake ina dume na jike, kwa hiyo ule mmoja uliopandwa peke yake mbele ya hoteli hautakupa mbegu zinazoota. Tafuta bustani yenye kundi. Ukiagiza kutoka nje ya nchi, fuata kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), maana mbegu zinaweza kuja na wadudu na magonjwa ambayo jamii ya minazi yetu haiwezi kubeba tena.

Mpapindi una mbegu ndogo kuliko zote, na hazivumilii kukauka. Zikiachwa juani kwenye kikapu, hazifai. Zisafirishwe ndani ya makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, kwenye mfuko uliofungwa. Msitu wa Ngezi, ambako mpapindi hupatikana, ni hifadhi. Usiokote huko bila ruhusa. Bora upate mbegu kwa mtu mwenye mti uliopandwa bustanini, au uende kwa wahusika wa misitu Pemba wakuelekeze.

Mbegu zote nne ziondolewe nyama yake mapema, kisha ziloweshwe siku mbili tatu huku maji yakibadilishwa kila siku. Kuna desturi ya kutupa zinazoelea. Kwa koche na mvumo desturi hiyo haifai, kwa sababu mbegu nzima ya miti hiyo ina uwazi katikati na inaweza kuelea ikiwa hai.

Inavyoota

Mkoche, mvumo na bismarkia ni ndugu. Wataalamu wa mimea wameiweka miti hii katika kundi moja, na undugu wenyewe unaonekana mbegu inapopasuka. Hutoka kitu kinene cheupe kinachofanana na mzizi, nacho huzama moja kwa moja ardhini. Ndani ya ncha yake kimebebwa kiini cha mti mzima. Kikishafika kina chake, mizizi ya kweli hutokea huko chini, kisha jani la kwanza huanza safari ya kupanda juu. Muda wote huo juu ya ardhi hakuna kinachoonekana, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, wakachimbua kutazama na kuvunja kitu ambacho kilikuwa kinaenda vizuri.

Mvumo huzama kuliko wote. Nusu mita si ajabu, na penye mchanga laini unaweza kupita hapo. Huo ni mti wa kupanda mbegu pale pale utakapokaa maisha yake yote. Ukiuweka kwenye kiriba, mfuko wa kuoteshea miche, cha mkorosho utagonga chini, ujikunje, na siku ya kuuhamisha utaukata. Mkoche nao hupenda kukaa pale ulipoota, ingawa mtu makini anaweza kuulea kwenye chombo kirefu. Bismarkia ndiyo yenye nafuu kati ya ndugu hawa: inakubali kiriba, mradi kiwe na kina cha sentimita 40 au 50, na ihamishwe ikiwa bado changa bila kubomoa udongo wake. Mfuko wa salfeti uliokatwa na kushonwa uwe mwembamba na mrefu unatosha, au kipande cha bomba pana la plastiki kilichosimamishwa juu ya ubao. Mfuko uliobeba salfa usiutumie, hata ukiufua.

Mpapindi huota kwa njia nyingine kabisa. Chipukizi hutoka pembeni mwa mbegu yenyewe, karibu na uso wa udongo, kwa hiyo kiriba cha kawaida kinautosha na kuuhamisha ni rahisi. Katika kigezo hiki peke yake, mpapindi unawashinda wote watatu.

Na muda? Mpapindi mbichi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Bismarkia huanza baada ya wiki sita hivi, nyingine hungoja hadi miezi sita. Mvumo hutoa ule mkia mweupe mapema, lakini jani lake huchelewa miezi kadhaa. Mkoche ndio usiotabirika: koche za mti mmoja, zilizofukiwa siku moja, moja inaweza kuota mwezi wa tatu na jirani yake ikamaliza mwaka. Usifukue shimo la mkoche kabla ya mvua za pili kupita.

Joto ndilo linaloamsha mbegu hizi, hasa nyuzi 27 hadi 35. Pwani yetu hulipata joto hilo kuanzia Oktoba, wakati Juni na Julai kila kitu hulala. Kwa bismarkia na mpapindi, mwezi wa Oktoba weka mbegu ndani ya makumbi au mchanga wenye unyevu kwenye mfuko unaoonyesha ndani, ufunge, uutundike barazani penye joto na kivuli. Mfuko ukipigwa na jua moja kwa moja mbegu zitapikika na kufa. Utazame kila wiki, na mbegu iliyotoa kichipukizi ihamishwe kabla haijajikunja.

Kiangazi cha kwanza

Ukifukia mbegu za mkoche na mvumo mvua zinapoanza Desemba, ikifika Juni utakuwa na jani moja lililosimama, au huna hata hilo. Mtu anaweza kudhani ameshindwa. Ukweli ni kwamba mti uko salama kuliko wakati mwingine wowote: kiini kiko chini kabisa ambako jua halifiki, na jani moja halina maji mengi ya kupoteza. Mbuzi akilila, huweza kuja jingine. Moto wa kuandaa mashamba ukipita, vivyo hivyo. Dumu moja la lita 20 kila baada ya wiki mbili linausaidia, na pwani penye maji karibu unaweza kuvuka bila hilo. Hatari yake kubwa ni jembe. Weka kigingi kinachoonekana kila penye mbegu, na uwaambie wanaokusaidia palizi.

Bismarkia hupitisha kiangazi chake cha kwanza kitaluni, chini ya kivuli chepesi, ikimwagiliwa kila baada ya siku mbili au tatu. Huenda ardhini Desemba inayofuata, ikipata mvua za miezi minne mitano za kushika mizizi. Kiangazi kinachofuata kinataka dumu moja kwa wiki kwa kila mti, likimwagwa polepole lizame. Kuanzia Juni hadi Novemba hayo ni madumu 26, yaani lita 520. Baada ya hapo mti hujitegemea zaidi kila mwaka.

Mpapindi ni mti wa msituni. Unataka unyevu wa kudumu, kivuli na mahali palipokingwa na upepo, na si mwaka wa kwanza tu. Ukiukadiria dumu moja kila baada ya siku mbili, kiangazi kimoja kinafika madumu 90 hivi, karibu lita 1,800 kwa mti mmoja. Mwenye kisima kisichokauka, au mwenye maji ya kuoshea vyombo yasiyo na mafuta na sabuni nyingi, atayaona hayo ni madogo. Anayenunua maji ya baiskeli apige hesabu kabla ya kuagiza mbegu.

Kuna jambo moja linalowapotosha wengi: mti ukiitwa wa nchi kavu, hudhaniwa hauhitaji maji. Miti ya jamii hii inayoishi jangwani huishi kwenye makorongo na mabonde ambako maji yamebaki chini ya mchanga, na mizizi yake imeyafikia. Mkoche unaostawi nyuma ya ufukwe wa Msimbati unakunywa chini. Upeleke mkoche huohuo Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mchanga ni wa kina kirefu na watu tangu zamani wameteremka mabondeni kutafuta maji, nao utaishi kwa mvua peke yake. Utaishi, lakini utakua polepole zaidi, na miaka ya mwanzo utakuhitaji. Kabla ya kuamua, muulize jirani mwenye kisima alikuta maji kwa kina gani. Jibu lake litakufaa kuliko maelezo yoyote ya muuza mbegu.

Popote ulipo, chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichofukiwa kando ya mche, kikajazwa maji na kufunikwa, huvujisha polepole na kupunguza upotevu. Matandazo nayo husaidia, ila yawe umbali wa shibiri moja kutoka kwenye mche, maana makuti makavu huita mchwa.

Udongo na upepo

Mkoche huvumilia mchanga, chumvi na upepo wa bahari. Kwa kiwanja kilicho mita chache kutoka ufukweni, huo ndio ninaouamini zaidi. Mvumo hupenda bonde, udongo mzito kidogo wenye maji chini, kama kandokando ya Ruvuma au Lukuledi, na hauogopi mafuriko ya muda mfupi. Bismarkia kwao hukaa kwenye mbuga zenye udongo mwekundu na kiangazi kirefu, na huhimili moto. Hapa inakubali udongo wa aina nyingi usiotuamisha maji, ila isipigwe na mvuke wa chumvi uso kwa uso. Mpapindi unataka udongo wenye mboji, na juu ya miamba ya matumbawe yenye udongo haba utateseka.

Wote wanaweza kushambuliwa na chonga, yule mbawakawa anayetoboa moyo wa mnazi. Usiache magogo ya minazi yanayooza wala lundo la samadi karibu na miche, kwani huko ndiko anakozaliana.

Kungoja na nafasi

Mvumo na mkoche hukaa miaka mingi kama kichaka cha majani kabla ya kuinua shina. Anayepanda akiwa na umri mkubwa anawapandia wajukuu, na alijue hilo kwa furaha. Bismarkia huenda polepole miaka miwili ya kwanza kisha huongeza kasi, na taji lake hutanuka sana: ipe mita sita wazi, isiwe chini ya nyaya za umeme wala karibu na ukuta. Mpapindi huota mashina membamba kwa kundi na hutosha hata kwenye ua mdogo.

Kama unataka matunda, kumbuka mkoche, mvumo na bismarkia zote zina miti dume na miti jike, na mche haukuambii ni upi. Ukipanda mitano, uwezekano wa yote kuwa jinsia moja ni 1 kati ya 16. Ukipanda miwili, ni nusu kwa nusu. Mpapindi hubeba maua ya kiume na ya kike kwenye mti mmoja.

Kwa matumizi, mkoche hutoa miyaa ya kusukia vikapu na mikeka tangu ukiwa mdogo, ilimradi usikate jani changa la katikati kila mara. Mvumo una tunda linaloliwa na mbao zinazosifika kwa kuhimili mchwa. Bismarkia na mpapindi ni vya kutazamwa, nami sioni ubaya wowote katika hilo.

Mtende na arguni

Wengi huuliza pia kuhusu mtende. Mbegu yake ndiyo rahisi kuliko zote: huota kwa wiki chache na hukaa hai muda mrefu ajabu. Mwaka 2005 mbegu ya mtende yenye umri wa karibu miaka 2,000, iliyochimbuliwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, iliota na kuwa mti. Lakini tende zinataka hewa kavu wakati wa kuiva. Dodoma zinawezekana, pwani yetu yenye unyevu zitapasuka na kuchacha. Nusu ya miche ya mbegu pia huwa dume. Upande kwa kivuli na sura yake, matunda usiyawekee bajeti.

Arguni ni wa jangwani kwelikweli, ndugu wa mkoche, unaoishi kwenye makorongo ya jangwa la Nubia kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Matunda yake yalijulikana kutoka makaburi ya Misri ya kale kabla wataalamu hawajauona mti wenyewe ukiwa hai, na ilipofika mwaka 1995 ndipo ulipopatikana tena Sudan baada ya kudhaniwa umetoweka. Ni mti unaostahili kila heshima. Kwa anayeanza Mtwara, hata hivyo, mbegu ni adimu na mvua zetu za Januari na Februari zinaweza kuozesha mche wake. Kama umeshafaulu na mkoche na una kilima kidogo cha mchanga kisichotuamisha tone, hapo ujaribu.

Kwa hali yako

Uko ufukweni, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, na kiwanja kinapigwa na chumvi: fukia koche Desemba, mbili kila shimo, na uwe na subira ya miaka.

Una shamba bondeni, mbali na nyumbani, na huwezi kurudi kumwagilia: mvumo, mbegu moja kwa moja ardhini. Ukiwa na nafasi, changanya na mkoche sehemu zilizoinuka.

Unajenga nyumba ya wageni au unataka mti wa mbele ya nyumba utakaoonekana ndani ya miaka michache, na dumu moja kwa wiki si tatizo: bismarkia. Otesha mbegu nyingi kuliko unazohitaji, kisha uchague miche yenye rangi ya fedha iliyokolea. Ya kijani uipeleke nyuma.

Una ua uliozungukwa na kuta, kivuli cha mwembe na kisima cha uhakika: mpapindi, na unapofanikiwa uwagawie wengine mbegu, maana mti unaoishi kisiwa kimoja tu unahitaji nyumba nyingine.

Uko Newala au Tandahimba na maji ni ya kununua: mkoche, miche michache, kila mmoja na chungu chake. Bismarkia pia inawezekana, moja au mbili karibu na tangi la mvua. Mpapindi uache kwanza.

Na kama ni shule au msikiti wenye eneo kubwa, wenye watu watakaokuwepo miaka ishirini ijayo, panda mivumo mitano kwa mstari, mita nane kati ya mmoja na mwingine, na vigingi viwekwe siku hiyohiyo, vikaguliwe tena Agosti kabla mioto ya mashamba haijaanza.